Nani Aliyempiga Mwenziwe? Historia Fupi ya Urejeleo katika Kiswahili cha Maandishi

Shahidi asimamapo mahakamani akasema, "Huyu ndiye mtu aliyempiga Juma," wasikilizaji waweza kuyaelewa maneno yake kwa njia mbili zilizo kinyume kabisa. Yawezekana Juma alipigwa. Yawezekana pia Juma ndiye aliyepiga. Shahidi hakukosea sarufi. Kiambishi a- chaweza kuwa cha mtu huyo au cha Juma, na -m- vivyo hivyo. Nacho kirejeshi -ye- hakiamui neno, kwa kuwa wote wawili wamo katika ngeli moja. Lakini shahidi huyo huyo akisema, "Hiki ndicho kiti alichokivunja Juma," hakuna atakayedhani kwamba kiti kilimvunja Juma.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini lugha yetu ni hodari hivyo katika kuvirejea vitu vilivyokwisha tajwa, ilhali huhitaji msaada inapowarejea watu wawili kwa pamoja. Na jinsi msaada huo ulivyopatikana, kisha ukaanza kusahauliwa na baadhi yetu tunaofasiri. Tendo hilo la neno kulirejea jambo lililotajwa tutaliita urejeleo.

Uhodari wenyewe unatokana na ngeli. Tuchukue maneno haya: "Fundi alileta mlango, kitasa na rangi. Aliusimamisha, akakitia, kisha akaipaka." Mtoto wa darasa la tatu aweza kueleza kilichosimamishwa, kilichotiwa na kilichopakwa. Kiingereza, kwa neno lake moja la kurejea kila kisicho mtu, hakina budi kuvitaja tena vitu vyote vitatu. Lakini watu wote, awe waziri au mkulima, mume au mke, huingia katika mlango mmoja wa a- na wa-, hata wale ambao majina yao hayana umbo la ngeli hiyo, kama vile kijana, karani na rafiki. Wanyama nao huwafuata humo.

Wageni wa kwanza walioandika sarufi za Kiswahili waliikuta hali hiyo. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuchapisha muhtasari wa sarufi mwaka 1850, na baadaye Steere, aliyetoa kitabu chake cha lugha ya Unguja mwaka 1870, walikuwa wamelelewa katika sarufi za Kizungu, ambamo kiwakilishi ni neno linalosimama peke yake. Hapa waliona kwamba kazi kubwa hufanywa na viambishi ndani ya kitenzi. Steere alitambua pia kwamba vionyeshi vyetu ni mafungu matatu wala si mawili: cha karibu, cha mbali, na kile cha jambo lililokwisha tajwa. Fungu hilo la tatu, yaani huyo, hicho, hilo na wenzao, ndilo chombo chetu kikuu cha urejeleo. Bibi Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, aliipa ile -o jina la -o ya urejeo, akaonyesha kuwa ni moja na ile iliyomo katika ndicho, nacho na alichokisoma. Kwa maoni yetu hakuna ugunduzi katika sarufi hiyo unaomfaa mfasiri kuliko huo, kwani unakusanya pamoja mambo ambayo vitabu vingi vya shule huyatawanya katika sura nne au tano.

Wasimulizi wa hadithi hawakuhitaji kufundishwa hayo. Mazoea yao ni kutanguliza kionyeshi mbele ya jina, "yule mzee", ili msikilizaji ajue kwamba ni mzee aliyekwisha tajwa. Na mtenda anapobadilika, huleta "naye". Tulinganishe: "Mwalimu alimpa mwanafunzi kitabu, akakiweka mezani," na "Mwalimu alimpa mwanafunzi kitabu, naye akakiweka mezani." Katika sentensi ya kwanza twaelekea kudhani kuwa mwalimu ndiye aliyekiweka, katika ya pili ni mwanafunzi. Silabi mbili tu zimehamisha tendo kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine.

Chombo kingine ni amba-. Asili yake ni kitenzi kuamba, yaani kusema, kilichotupa pia neno kwamba. Walimu wengi hulichukia, na wana haki pale mwandishi asemapo "mtu ambaye aliyekuja", au arundikapo ambaye tatu katika sentensi moja. Hata hivyo lina kazi ambayo kirejeshi cha ndani ya kitenzi hakiiwezi. "Mtu ambaye Juma alimpiga" ni maneno yenye maana moja, na "mtu ambaye alimpiga Juma" ni vivyo hivyo. Shahidi wetu angeliyasema hayo, au angelisema "mtu aliyepigwa na Juma", shauri lingalikwisha mapema.

Shauri hilo si mchezo wa maneno. Baada ya Kiswahili kufanywa lugha ya shughuli za serikali mwaka 1967, mwaka ambao ndio lilioundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, mahakama za mwanzo ziliendelea kusikiliza na kuandika kwa Kiswahili, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 ikaliweka wazi jambo hilo. Katika mahakama za juu, kwa miaka mingi, shahidi alisema kwa Kiswahili na hakimu akaandika kwa Kiingereza. Maana yake ni kwamba kila "alimwambia kuwa atampa" ilibidi iamuliwe papo hapo: nani alisema, nani angepewa, na kila mmoja wao alikuwa mwanamume au mwanamke. Kalamu iliongeza habari ambayo mdomo haukuitoa, naye aliyekata rufani akasomewa ile ya kalamu.

Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini Tanzania. Mzigo sasa umegeuka: ni sheria za Kiingereza zinazofasiriwa. Humo mna kanuni kongwe, iliyowekwa Uingereza mwaka 1850 na kurudiwa mwaka 1889, kwamba maneno ya kiume yahesabiwe kuwahusu wanawake pia. Kwa Kiswahili kanuni hiyo haina la kufanya, kwani a- haijapata kuuliza jinsia ya mtu.  Mfasiri aandikaye "yeye mwanamume au mwanamke" kila mahali huongeza maneno pasipo kuongeza maana.

Hatari kubwa zaidi ni kuiga namna ya Kiingereza ya kukwepa kurudia jina. Mkataba wa nyumba unaosema "wa kwanza atamjulisha wa pili" humlazimisha msomaji kupandisha macho juu kutafuta nani alitangulia. "Mwenye nyumba atamjulisha mpangaji huyo" hurudia majina, na katika mkataba kurudia si aibu. Yule mwalimu wa insha aliyetukataza kurudia neno hakuwa akifikiria notisi ya kuhama.

Limebaki neno mtu. Kisheria laweza kuwa kampuni, nayo kampuni huchukua i-. Tumeona tafsiri zinazoanza na "mtu atakayekiuka" na kumalizia na "italipa faini", bila kampuni kutajwa popote kati yake; msomaji akabaki kutafuta i- hiyo ni ya nani. Tunavyoona sisi, a- ishikiliwe maadamu neno lililotajwa ni mtu, hata kama mtu huyo ni benki. Kifungu kinapofika kwenye kampuni yenyewe, itajwe kwa jina, "iwapo mtu huyo ni kampuni, kampuni hiyo italipa", ndipo i- ipate pa kusimama.