Kutoka Pipa la Sumaku hadi Flashi: Historia Fupi ya Kumbukumbu ya Kubadilishana katika Mifumo Endeshi

1.0 Utangulizi

Kumbukumbu kuu ya kompyuta haijawahi kutosheleza mahitaji ya watumiaji wake. Kutokana na upungufu huo, wataalamu wa mifumo endeshi walibuni utaratibu wa kuhamishia kurasa za data zisizotumika kwa wakati huo katika hifadhi nyingine, na kuzirejesha zinapohitajika. Eneo zinakohamishiwa ndilo linaloitwa katika insha hii kumbukumbu ya kubadilishana. Insha inachunguza jinsi utaratibu huo ulivyobadilika baada ya hifadhi ya flashi kuchukua nafasi ya diski zinazozunguka. Hoja kuu inayotetewa ni kwamba flashi haikuongeza kasi tu, bali ilibadili aina ya gharama. Kwa diski, mtumiaji alilipa kwa muda wake. Kwa flashi, analipa kwa uhai wa kifaa chake.

2.0 Urithi wa Diski

Chimbuko la utaratibu huu linapatikana katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, ambako kompyuta ya Atlas ilizinduliwa mwaka 1962. Timu ya Tom Kilburn iliunganisha kumbukumbu ya viini vya sumaku, iliyokuwa ndogo na ya ghali, na pipa la sumaku lililokuwa kubwa lakini la polepole. Data iligawanywa katika kurasa za maneno 512, na mwandishi wa programu akaziona hifadhi hizo mbili kama moja.

Udhaifu wa mbinu hii ulikuwa kusubiri. Mwaka 1968 Peter Denning alieleza hali ambapo mashine iliyozidiwa na programu hutumia muda mwingi kuhamisha kurasa kuliko kufanya kazi iliyokusudiwa. Hivyo basi, kwa miongo kadhaa kanuni za ubadilishanaji zilitungwa kwa ajili ya kifaa cha polepole, lakini kisichochakaa kwa kuandikwa mara nyingi.

3.0 Flashi na Masharti Yake

Flashi ilibuniwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba, Japani, aliyeiwasilisha kwa wataalamu mwaka 1984. Aina ya NAND, inayotumika zaidi leo katika kuhifadhi data, ilifuata mwaka 1987. Kwa kuwa haina sehemu inayozunguka, husomeka haraka kutoka mahali popote. Hata hivyo, data huandikwa humo ukurasa kwa ukurasa ilhali hufutwa bloku nzima kwa pamoja, na kila ufutaji huzichakaza seli. Seli ya biti moja ilikadiriwa kustahimili ufutaji wapata 100,000. Za biti nyingi hustahimili elfu chache tu. Ubadilishanaji, wenye maandishi madogo madogo yasiyokoma, ni miongoni mwa mizigo mizito kwa kifaa cha aina hii.

4.0 Majibu ya Wabunifu

Mfumo wa Windows Vista, uliotolewa kwa umma Januari 2007, ulikuja na ReadyBoost, iliyotumia flashi ya kuchomeka yenye angalau megabaiti 256. Flashi hiyo ilibeba nakala tu. Data yenyewe ilibaki katika diski, hivyo kuichomoa hakukupoteza kitu. Nakala hizo zilisimbwa kwa njia fiche, kwani zingeweza kuwa na siri za mtumiaji.

Kompyuta ya XO-1 ya mradi wa One Laptop per Child, iliyogawiwa wanafunzi wa nchi kadhaa ikiwemo Rwanda, ilifuata njia tofauti. Ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 256 na flashi ya gigabaiti 1, bila eneo la kubadilishana. Kumbukumbu ilipojaa, mfumo ulilazimika kuzima programu.

Mwaka 2009, toleo la 2.6.29 la Linux liliwezesha mfumo kukiarifu kifaa ni sehemu zipi za eneo la kubadilishana zisizohitajika tena. Android 4.4 ya mwaka 2013 ilipendelea kuzibana kurasa ndani ya kumbukumbu kuu yenyewe ili simu zenye megabaiti 512 zimudu kazi. Mwaka 2022, kupitia iPadOS 16, Apple iliruhusu ubadilishanaji kwenye flashi katika baadhi ya iPad zenye kichakataji cha M1.

5.0 Hitimisho

Mifano hii inadhihirisha mkinzano. Flashi kubwa husambaza maandishi katika seli nyingi, hivyo huchelewa kuchakaa. Iliyo ndogo huchakaa mapema. Vifaa vya bei nafuu, ambavyo ndivyo vyenye njaa kubwa zaidi ya kumbukumbu, ndivyo pia visivyomudu kubadilishana. Aghalabu flashi yake imelehemewa kwenye ubao, nayo ikifa, kifaa kizima hufa pamoja nayo. Kwa hiyo, historia ya ubadilishanaji isipimwe kwa kasi pekee. Ni sharti iulize pia ni kifaa cha nani kinachotumika hadi kuisha.