Ushirika wa Tingatinga: Historia Fupi

Ushirika wetu wa wachoraji, ambao jina lake rasmi ni Tingatinga Arts Cooperative Society, ulianzishwa mwaka 1990. Lakini anayetaka kuujua sawasawa hana budi kurudi hadi mwaka 1968, alipoanza kuchora mzee wetu, marehemu Edward Saidi Tingatinga. Tunamshukuru Mungu kwa kutujalia mtu yule, na katika historia hii ataniwia radhi msomaji nikimpa nafasi kubwa kuliko wengine.

Mzee Edward alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania. Kama vijana wengi wa huko, aliondoka kwao kutafuta maisha. Alipita kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akafika Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950. Alifanya kazi za bustani na za nyumbani kwa Wazungu, na zilipokatika akashika kibarua chochote kilichojitokeza. Siku hizo walikuwapo Wakongo waliokuwa wakiuza picha zao mjini. Mzee Edward akaziangalia, akaona naye anaweza. Hakuwa amekanyaga shule yoyote ya sanaa. Alitafuta vipande vya siling bodi, futi mbili kwa mbili, na rangi za makopo zinazong'aa, zile za kupakia baiskeli, akaanza kazi.

Kwanza aliufunika ubao wote kwa rangi ya chini na kuuacha ukauke. Kisha alimweka mnyama katikati: chui, tembo, au ndege mwenye shingo ndefu. Madoa yalikuja baadaye, moja moja, kwa ncha ya brashi. Rangi ile ni nzito na haipendi haraka. Ukiukimbiza mkono, doa la pili linalivuruga la kwanza. Kwa hiyo mpaka leo kijana anayeanza kwetu hupewa kwanza rangi ya chini, akishaizoea hupewa madoa, na mnyama huja mwishoni kabisa.

Mkewe, Mama Agatha Mataka, alizitandaza picha nje ya Morogoro Stores, kule Oysterbay, mahali ambapo wageni wengi walifika kununua mahitaji ya nyumbani. Picha zikapendwa. Maombi yakazidi nguvu za mtu mmoja, na hapo ndipo Mzee Edward alipofanya jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko picha zote alizochora: aliwaita wenzake waje kuketi naye.

Wa kwanza walikuwa ndugu na jamaa wa kusini: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Casper Tedo na Simon Mpata. Omari Amonde naye alitokana na ukoo huohuo. Mzee Edward hakuwatoza ada wala kuwaandikia somo ubaoni. Waliketi karibu naye nyumbani Msasani, wakawa wanatazama mkono wake unavyokwenda. Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina, na wale vijana walitazama kweli. Anayechanganya rangi alisikia mazungumzo ya anayepaka, anayepaka alimwona anayetia madoa, na aliyekosea alirekebishwa papo hapo, kabla rangi haijakauka. Walikula pamoja na kuzungumza habari za nyumbani. Hadithi za wanyama walizosikia utotoni zilirudi katika mazungumzo yale, zikaingia kwenye picha.

Mimi naamini hapo ndipo ubunifu wetu ulipozaliwa. Mtu akijifungia peke yake anaweza kupata picha moja nzuri. Mtindo mzima, wenye kuishi zaidi ya nusu karne, unahitaji watu wanaoonana uso kwa uso kila siku, wanaoigana, wanaoshindana na kuombana brashi.

Mwaka 1972 msiba ulitufika ghafla. Usiku mmoja Mzee Edward alipigwa risasi na polisi, katika gari lililodhaniwa kuwa la wahalifu. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Mengine tunamwachia Mungu.

Wengi walidhani mambo yameishia pale. Lakini mwalimu hakuwa ameficha siri yoyote, na vijana wake wote walikuwa na kazi mikononi. Walirudi Morogoro Stores, wakaketi chini ya kivuli, wakaendelea. Waliungana wakalitunza jina lake, na kila mmoja akawaita vijana wengine kama yeye mwenyewe alivyoitwa. Simon Mpata alikwenda Kenya, na sanaa yake ikaja kupendwa sana Japani. Waliobaki Dar es Salaam waliongeza yao: ubao uliokuwa na mnyama mmoja ukajaa makundi ya ndege, samaki, vijiji, masoko na hata mashetani. Hakuna aliyeambiwa amekiuka mtindo. Aliyeleta jambo jipya aliigwa na jirani yake kabla ya jua kuzama, na hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake.

Tangu hapo hatua zimekuwa nyingi, nami nitazitaja kwa kifupi. Mwaka 1990 ushirika ulianzishwa. Katika miaka hiyo ya 1990 shirika la Helvetas la Uswisi lilitushika mkono, nasi tunalishukuru. Picha za kitambaa zilishika nafasi kubwa pembeni ya zile za ubao, kwa kuwa mgeni anaweza kukikunja kitambaa na kukitia kwenye sanduku. Watoto wa Mzee Edward, Daudi na Martina, nao walishika brashi. Akina mama wachoraji waliingia. Mwaka 2010 BBC ilianza kurusha katuni za watoto za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi kwa mtindo wetu, na watoto wa nchi za mbali wakalijua jina la mzee wa Tunduru. Zipo pia nyakati tulizopishana kauli, kuhusu hakimiliki na kuhusu picha za kuiga zinazouzwa kwa jina letu. Tulizungumza, tukavumiliana, na kazi haikusimama.

Mafundi waliotangulia mbele ya haki ni wengi kuliko ninavyoweza kuwataja hapa. Familia zao zijue kwamba mkono wa kila mmoja wao bado unaonekana katika mkono wa yule aliyefundishwa naye.

Kwenu vijana: simu zitawaonyesha picha za dunia nzima, na hilo ni jema. Lakini simu haitakushika mkono ukikosea doa. Njooni mkae nasi. Na wewe mzazi ambaye mwanao anachora kwenye kila karatasi anayoiona, usimgombeze, mlete. Na wewe mnunuzi, ukifika Morogoro Stores usikimbilie kuuliza bei. Muulize kwanza mchoraji jina lake na nani aliyemfundisha, kisha nunua kutoka mkononi mwake mwenyewe.