Bima ya rubani: Yaliyo katika mkataba wa pamoja hayaondolewi kwa barua

Rubani anayetua na ndege ndogo katika uwanja wa Kabunde, karibu na mji wa Homa Bay, au ule wa Lichota, karibu na mji wa Migori, hufanya kazi kwa stakabadhi mbili: leseni ya urubani na cheti cha afya. Cheti hicho kikikosekana, leseni haimruhusu kurusha ndege ya abiria. Kwake bima ya afya ni kinga ya riziki yenyewe, wala si marupurupu ya kupamba hati ya mshahara.

Suala la bima lilipata uzito mpya mnamo Oktoba 1, 2024, wakati Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali (NHIF), iliyokuwa imehudumu tangu 1966. Tangu hapo, wafanyakazi wanaolipwa mishahara mikubwa, marubani wakiwamo, wamelazimika kupima upya wanachokatwa, wanachopata na kilichoandikwa katika mikataba yao.

Afya na leseni

Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) zinamtaka rubani wa ndege za kibiashara awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza. Kwa kawaida cheti hicho hudumu kwa miezi 12. Muda huo hupungua hadi miezi sita kwa rubani aliyetimiza umri wa miaka 60, na vilevile kwa aliyetimiza miaka 40 ambaye husafirisha abiria akiwa peke yake kwenye usukani. Kifungu hiki cha mwisho kinawahusu zaidi marubani wa ndege ndogo, za aina inayoweza kutua katika viwanja kama kile cha kisiwa cha Rusinga.

Eneo la Ziwa Victoria lina jambo lake. Malaria ni ugonjwa wa kila mwaka katika kaunti za Homa Bay na Migori, na rubani anayelala huko anahitaji kinga. Hata hivyo, si kila dawa inamfaa. Mefloquine, kwa mfano, hairuhusiwi na mamlaka nyingi za usafiri wa anga kwa sababu inaweza kuleta kizunguzungu na kuvuruga akili. Kwa hiyo rubani huhitaji daktari anayeijua kazi yake, na bima itakayomlipa daktari huyo.

Makato yalivyobadilika

Chini ya NHIF, mfanyakazi aliyelipwa Sh100,000 au zaidi kwa mwezi alikatwa Sh1,700 pekee. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliondoa kikomo hicho na kuweka asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato. Mwajiri hatakiwi kuchangia kiasi sawa na hicho.

Kwa mfano, rubani anayelipwa Sh300,000 hukatwa Sh8,250 kila mwezi. Hiyo ni nyongeza ya Sh6,550, au Sh78,600 kwa mwaka. Nafuu iliyopatikana ni kwamba tangu mwishoni mwa Desemba 2024 mchango huo hutolewa kabla ya kukokotoa kodi ya mapato.

Mchango huo ni wa lazima, hata kwa mwenye bima ya kibinafsi. Unamhudumia mchangiaji, mke au mume wake na watoto wao. Wazazi walioko Ndhiwa au Rongo hujisajili na kuchangia kivyao.

Aina za bima

Juu ya SHA, rubani hukutana na aina tatu za kinga. Ya kwanza ni bima ya pamoja ya kampuni, ambayo mwajiri huinunua kwa niaba ya wafanyakazi na jamaa zao. Hapa cha kuchunguza ni viwango vya juu vya malipo kwa anayelazwa na asiyelazwa, pamoja na orodha ya hospitali. Orodha iliyojaa hospitali za Nairobi haimfai sana mwenye familia Migori.

Ya pili ni bima ya kupoteza leseni, inayomlipa rubani anayeondolewa kazini kwa sababu za kiafya. Ya tatu ni fidia ya majeraha ya kazini chini ya sheria ya 2007, ambayo hulipa mapato ya miezi 96 kwa kifo au ulemavu kamili wa kudumu uliosababishwa na kazi. Fidia hii haigusi shinikizo la damu au kisukari kisichotokana na kazi, maradhi yanayoweza kumnyima rubani cheti. Pengo hilo ndilo linalozibwa na bima ya leseni.

Nguvu ya mkataba wa pamoja

Sheria ya Mahusiano ya Leba ya 2007 inamlazimu mwajiri kukitambua chama kilichosajili zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaohusika. Makubaliano yakishasajiliwa na Mahakama ya Masuala ya Ajira na Leba, masharti yake huwa sehemu ya mkataba wa kila mfanyakazi anayehusika. Bima iliyotajwa humo haiwezi kupunguzwa kwa barua ya meneja. Mazungumzo yakikwama, hupelekwa kwa mpatanishi, na mgomo halali huhitaji notisi ya siku saba.

Utaratibu huu una mizizi katika Homa Bay. Tom Mboya, aliyezikwa Rusinga mwaka wa 1969, alikuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi kabla ya kuwa Waziri wa Leba. Akiwa waziri, Oktoba 1962, serikali, waajiri na vyama walitia saini mwafaka wa uhusiano wa kikazi uliojenga msingi wa majadiliano ya pamoja nchini.

Mgomo wa marubani wa Kenya Airways ulioanza Novemba 5, 2022 unaonyesha uzito wa marupurupu. Chama chao, KALPA, kilidai kurejeshwa kwa michango ya akiba ya kustaafu iliyositishwa wakati wa janga la Covid-19, pamoja na mishahara iliyocheleweshwa. Maelfu ya abiria walikwama hadi mahakama ilipowaamuru marubani kurudi kazini Novemba 9.

Walimu, walio wengi zaidi katika kaunti hizi mbili kuliko marubani, nao wanajua uzito huo. Marupurupu yao ya matibabu yaligeuzwa kuwa ada ya bima iliyosimamiwa na Minet, kisha Desemba 1, 2025 wakahamishiwa SHA.

Kabla ya kukubali kubadilishiwa bima, basi, mfanyakazi anafaa kuuliza mambo manne: kiwango cha malipo, hospitali zilizo karibu na familia, hatima yake akipoteza cheti, na ukurasa wa mkataba ambapo hayo yameandikwa. Mali bila daftari, wahenga walisema, hupotea bila habari.