Meza Moja ya Bwana: Walutheri wa Namibia na Tamko la Dar es Salaam, 1977

Mnamo Juni 1977, miaka 14 baada ya makanisa saba kuungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, wajumbe kutoka pande zote za dunia walikusanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ajili ya Mkutano Mkuu wa sita wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Ulikuwa mkutano wa kwanza wa namna hiyo kufanyika katika Afrika tangu Fungamano lilipoundwa mjini Lund, Sweden, mwaka 1947. Kwa Walutheri wengi wa Tanzania jambo linalokumbukwa zaidi ni kuchaguliwa kwa Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa Rais wa Fungamano, Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo. Furaha hiyo ilikuwa ya haki. Hata hivyo mkutano huohuo ulitoa tamko lililogusa kiini cha imani, na mzizi wa tamko hilo ulikuwa mbali na Dar es Salaam, katika nchi ambayo siku hizo iliitwa Afrika ya Kusini Magharibi na leo inaitwa Namibia.

Injili ilifika huko kwa njia ambazo Mlutheri wa Tanzania hawezi kuziona ngeni. Wamisionari wa Misheni ya Rhein walianza kazi mwaka 1842, na Wafini wakaingia Ovamboland mwaka 1870. Baadaye ukaja utawala wa Wajerumani. Katika miaka ya 1904 hadi 1908, wakati huku kwetu vita vya Maji Maji vilipokuwa vikizimwa kwa moto na njaa, Waherero na Wanama waliangamizwa kwa maelfu. Amri ya Jenerali Lothar von Trotha ya Oktoba 1904 ya kuwaua Waherero ilipoondolewa, wamisionari ndio waliopewa kazi ya kuwakusanya mabaki ya watu waliokuwa wakifa kwa njaa porini. Watu walitoka mafichoni kwa kumwamini mchungaji. Kisha jeshi likawachukua na kuwapeleka katika kambi za wafungwa, na wengi hawakutoka humo wakiwa hai. Haiwezekani kusimulia habari za Kanisa na haki katika nchi ile huku ukurasa huo ukirukwa.

Afrika Kusini iliitwaa nchi hiyo mwaka 1915, na sheria za ubaguzi wa rangi zikaifuata. Mwanamume wa Ovamboland aliyetaka kazi migodini au mashambani alilazimika kuweka sahihi ya mkataba, kuiacha familia yake kwa miezi mingi, na kutembea na kipande mfukoni. Jumapili mtu huyo alikwenda kanisani. Mwajiri wake Mjerumani naye, mara nyingi, alikuwa Mlutheri: Katekisimu ileile ya Martin Luther, Ungamo lilelile la Augsburg, lakini kanisa lake, sinodi yake na meza yake ya Bwana vilikuwa mbali na vya mtumishi wake.

Tarehe 21 Juni 1971 Mahakama ya Kimataifa mjini The Hague ilitoa maoni kwamba Afrika Kusini inaikalia nchi ile kinyume cha sheria. Katika chuo cha theolojia cha Paulinum, pale Otjimbingwe, wanafunzi walilijadili jambo hilo kwa bidii na kuwasukuma viongozi wao. Ndipo, tarehe 30 Juni, halmashauri za makanisa mawili makubwa ya Kilutheri ya Waafrika zikatoa barua ya wazi kwa Waziri Mkuu John Vorster, iliyotiwa sahihi na Askofu Leonard Auala na Mchungaji Paulus Gowaseb. Barua ilikuwa fupi na haikuwa na matusi. Ilichukua Tamko la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa na kuonyesha, hoja kwa hoja, jinsi watu wasivyokuwa huru kusafiri, kusema mawazo yao, kupiga kura, wala kuishi na wake zao na watoto wao mahali walipofanya kazi. Ilitaka nchi ipewe uhuru, na ilitaka jambo hilo lifanyike kwa amani. Pamoja nayo uliandikwa waraka wa kichungaji uliosomwa makanisani, na hapo ndipo uzito wake ulipo: mkulima asiyejua The Hague iko wapi aliyasikia maneno hayo kutoka madhabahuni, kwa lugha yake mwenyewe.

Auala alikuwa mzee wa miaka 60 na zaidi, mwalimu aliyekuwa mchungaji, askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa lake tangu mwaka 1963. Hakuwa mtu wa mikutano ya hadhara. Huenda ndiyo sababu serikali ilishindwa kumwita mchochezi. Vorster alikutana na viongozi hao mjini Windhoek mwezi Agosti, hakukubaliana nao. Mwezi Desemba vibarua wa mkataba, zaidi ya 10,000, waligoma nchi nzima, na wengi wao walikuwa washarika wa kanisa hilohilo. Kisha, usiku mmoja wa Mei 1973, kiwanda cha kupiga chapa cha kanisa pale Oniipa kililipuliwa. Kilijengwa upya, na mwaka 1980 kikalipuliwa tena. Kilipiga chapa gazeti la kanisa na vitabu vya kiroho. Aliyetega baruti alijua kwamba neno lililoandikwa linafika mbali kuliko hotuba.

Hayo yote yalikuwa mbele ya wajumbe walipofika Dar es Salaam. Swali lililowakabili lilikuwa gumu kuliko kulaani serikali iliyo mbali, kwa maana waliohusika walikuwa ndugu waliokaa nao ukumbini. Baadhi ya makanisa ya wazungu ya kusini mwa Afrika yalikuwa wanachama wa Fungamano. Je, ubaguzi wa rangi ni suala la siasa, ambalo Wakristo wanaweza kutofautiana na bado wakashiriki kikombe kimoja? Au ni suala la imani? Hoja ya kwanza haikuwa ya kudharauliwa. Walutheri wamefundishwa tangu zamani kutofautisha utawala wa kiroho na wa kidunia, na mtume Paulo katika Warumi 13 anaagiza utii kwa wenye mamlaka.

Mkutano ulijibu kwa kurudi katika urithi wa Matengenezo yenyewe. Mwaka 1548 Kaisari Karl wa Tano alipowalazimisha Waprotestanti kurudisha taratibu kadhaa za ibada, wengine walisema kwamba hayo ni mambo yasiyo na uzito. Matthias Flacius akajibu kutoka Magdeburg kwamba inapofika saa ya kuungama, hakuna jambo lisilo na uzito. Kanuni ya Makubaliano ya mwaka 1577 iliufanya msimamo huo kuwa fundisho la Kanisa, na Dietrich Bonhoeffer aliutumia mwaka 1933 Wakristo wenye asili ya Kiyahudi walipokuwa wakitengwa katika makanisa ya Ujerumani. Jina lake la Kilatini ni status confessionis, yaani hali inayodai kuungama. Wajumbe wa Dar es Salaam, miaka 400 baada ya Kanuni ile, walikiri kwamba kwa kawaida Wakristo huweza kuwa na maoni mbalimbali ya kisiasa, ila hali ya kusini mwa Afrika imefika mahali ambapo makanisa yanapaswa, kwa sababu ya imani na umoja wa Kanisa, kuukataa ubaguzi wa rangi hadharani na bila kigugumizi.

Tamko bila tendo ni karatasi. Makanisa ya wazungu yalikawia, na mwaka 1984 mjini Budapest, mkutano ulipofikia mwisho wa kipindi cha urais wa Askofu Kibira, uanachama wa makanisa mawili kati ya hayo ulisimamishwa. Ulirudishwa mwaka 1991, Namibia ikiwa imekwisha kupata uhuru tarehe 21 Machi 1990.

Kuna upande mwingine unaohusu Tanzania yenyewe. Siku zilezile za Juni 1977, Andreas Shipanga na wenzake kadhaa, wanachama wa SWAPO waliotofautiana na uongozi wa chama chao, walikuwa katika magereza ya Tanzania bila kuhukumiwa. Walikuwa wameletwa kutoka Zambia mwaka uliotangulia. Waliachiliwa mwaka 1978. Mchungaji Salatiel Ailonga, Mlutheri wa Namibia aliyewahudumia wakimbizi Zambia, aliwaandikia viongozi wa Kanisa kuhusu waliokamatwa. Tamko la Dar es Salaam halikuwataja. Wengi waliona kwamba kumsema mpigania uhuru ni kumsaidia mkandamizaji, na fikra hiyo inaeleweka. Ila katika miaka ya 1980 mamia ya Wanamibia wengine walishikiliwa na SWAPO katika mashimo karibu na Lubango, Angola, wakituhumiwa kuwa majasusi, na makanisa yaliyokuwa yamepaza sauti dhidi ya Vorster yalisema kidogo sana. Kundi la zaidi ya watu 150 lilirudi nyumbani mwaka 1989. Wengine hawakuonekana tena.

Aliyeyaandika hayo waziwazi, katika kitabu kilichotoka mwaka 1995, ni Mchungaji Siegfried Groth, aliyewahudumia Wanamibia uhamishoni na ambaye naye alikuwa amenyamaza kwa miaka kadhaa. Alikuwa mtumishi wa misheni ileile ya Rhein, ambayo tangu mwaka 1971 ilikuwa imeungana na Misheni ya Betheli, inayofahamika sana Usambara na Bukoba. Rais Sam Nujoma alikishutumu kitabu hicho katika televisheni mwaka 1996. Mwaka huohuo walionusurika Lubango waliunda kamati yao, wakiomba serikali na makanisa wawaambie wazazi mahali watoto wao walipozikwa.