Makonyo na Chetezo: Mafuta ya Manukato katika Historia ya Pwani

Msimu wa karafuu ukifika Pemba, vichala hushushwa mtini na kuchambuliwa kwa mkono. Karafuu yenyewe huanikwa juani juu ya majamvi mpaka igeuke rangi ya kahawia na kukatika kwa mlio. Vikonyo vilivyoishikilia, yaani makonyo, hurundikwa kando. Rundo la kwanza ndilo lililovipa visiwa jina, na ndilo linaloishia jikoni na katika sigara za karafuu za Indonesia. Rundo la pili hupelekwa kiwandani Wawi, karibu na Chake Chake, likakenekwa, yaani kutolewa mafuta kwa mvuke, na mafuta hayo yakasafirishwa nje. Hapo pana jambo linalostahili kufikiriwa. Visiwa vilivyotawala soko la karafuu duniani kwa zaidi ya miaka mia moja havikuwahi kuyapa mafuta matupu ya karafuu nafasi ya maana katika urembo wa nyumbani. Bibi harusi wa Unguja alisingwa kwa singo iliyotiwa karafuu ya kusaga pamoja na liwa, mrehani na mawaridi. Hakupakwa mafuta ya karafuu kutoka chupani. Wapo wanaoliona hili kama upungufu wa maarifa, kwamba watu wa Pwani walikuwa na mali ghafi wakakosa sayansi. Mimi naona ulikuwa uamuzi. Ujuzi wa manukato wa Pwani ulihusu zaidi mambo mawili ambayo wauzaji wa chupa ndogo za siku hizi huyataja kwa haraka: kiasi, na kitu cha kuchanganyia.

Uamuzi huo haukutokana na ugeni wa mafuta. Bahari ya Hindi ilikuwa njia ya manukato tangu zamani sana. Ubani ulitoka Dhofar na nchi ya Wasomali, udi ulitoka misitu ya Asia, marashi ya mawaridi yalitoka Uajemi, na Pwani nayo ilitoa ambari: al-Masudi, aliyesafiri katika bahari hii karne ya 10, aliisifu ambari ya nchi ya Zanji kuwa bora. Ukenekaji wa manukato ulikuwa umeandikiwa kitabu hata kabla yake. Al-Kindi wa Baghdad, katika karne ya 9, aliacha kitabu kizima juu ya kemia ya uturi, chenye mapishi zaidi ya mia moja. Kwa hiyo mtu wa Lamu au Mombasa aliyenunua uturi kwa mabaharia wa majahazi alijua vizuri kwamba harufu inaweza kutolewa katika ua na kuwekwa ndani ya chupa. Atakayesema kwamba basi utamaduni wote huu ni wa kuazima atakuwa amesema kweli nusu. Udi haukuota Malindi. Lakini tazama kilichofanyiwa udi ulipofika: ulipondwa, sukari ikapikwa mpaka ikaiva, vipande vikachanganywa humo pamoja na sandali, marashi na uturi kidogo, kisha ukahifadhiwa na kutiwa katika chetezo punje kwa punje. Sukari ilibeba harufu, ikaipunguza ukali na kuifanya idumu. Liwa ilisuguliwa juu ya jiwe kwa marashi ndipo ikapakwa usoni. Asumini, mrehani na langilangi vilifungwa kikuba na kuvaliwa kifuani, ua lenyewe likitoa harufu yake polepole kwa joto la mwili. Mafuta ya kupaka yaliundwa juu ya nazi au ufuta. Katika yote haya, harufu kali haigusi ngozi ikiwa peke yake, na huo ndio mchango wa Pwani: kuchagua, kupima na kuchanganya.

Pana pingamizi zito zaidi, nalo ni la kijamii. Karafuu haikupandwa na mabibi waliofukiza nguo zao. Mti huu uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi, na chini ya utawala wa Sayyid Said bin Sultan ukageuzwa uchumi mzima, ukitegemea jasho la watumwa. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja huku Pemba ikinusurika, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa shamba kuu. Emily Ruete, yaani Sayyida Salme, binti wa Said, alipochapisha kumbukumbu zake mwaka 1886 alieleza maisha ya ikulu ambamo manukato yalikuwa sehemu ya kila siku; aliyesaga, aliyesugua na aliyewasha makaa mara nyingi alikuwa mtumwa. Kwa hiyo, je, tunasifu ujuzi wa mabwana? Nadhani jibu limo katika swali lenyewe. Anayejua kwamba punje moja imezidi ni yule aliyeketi mbele ya jiwe la kusugulia, si yule aliyelala akingoja. Na baada ya utumwa kupigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, wanawake waliotoka utumwani waliyachukua mavazi waliyokuwa wamenyimwa wakayafanya yao. Ni vigumu kudhani kwamba manukato yalibaki nyuma. Ujuzi ulishuka mitaani kupitia kwa masomo na makungwi, yaani wanawake wanaowafunda wasichana, ambao wengi wao hawakuwa watu wa ikulu hata kidogo.

Turudi kwenye makonyo, maana kemia yake inaeleza kwa nini mafuta matupu yaliachwa yaende. Karafuu kavu ni tajiri kupita kiasi: hutoa mafuta ya asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, na makonyo hutoa kama asilimia 5 au 6. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kimoja, yujeno, ambacho hutia ganzi na kuua vijidudu, na ndicho kinachofanya chumba cha daktari wa meno kinuke karafuu: yujeno ikichanganywa na oksidi ya zinki hutoa saruji ya kuzibia jino. Viwanda vya Ulaya na Marekani viliitaka kwa sababu nyingine pia. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 vanila ya kutengenezwa ilipatikana kwa kubadilisha yujeno, mpaka miaka ya 1930 ilipopatikana njia rahisi zaidi ya kuitoa katika mabaki ya viwanda vya karatasi. Ni mali ya kiwandani, kwa kweli. Kwenye ngozi yujeno huunguza na huweza kuleta mzio, na wataalamu wa leo hushauri mafuta ya karafuu yasizidi nusu ya asilimia katika mafuta ya kupaka. Singo yenye karafuu kidogo ya unga, iliyolowekwa marashi na kuoshwa baada ya muda, ilikuwa inafanya kazi katika mipaka ileile bila kuipa namba.

Wengi husimulia kwamba elimu ya kutibu kwa mafuta ya manukato ilizaliwa Ufaransa. Jina lake, aromatherapia, kweli lilizaliwa huko: mkemia René-Maurice Gattefossé alilifanya kichwa cha kitabu chake cha mwaka 1937. Hadithi maarufu inasema aliungua maabarani akatumbukiza mkono katika pipa la mafuta ya lavenda kwa bahati, ukapona. Maelezo yake mwenyewe ni tofauti. Mlipuko ulitokea mwaka 1910, alizima moto kwa kubingirika majanini, na lavenda aliitumia baadaye kwa makusudi, vidonda vilipoanza kuoza. Tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa hadithi ya pipa imewafunza watu kwamba kadiri mafuta yanavyokuwa matupu ndivyo yanavyoponya. Katika Ulaya yenyewe alikuwa Marguerite Maury, miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, aliyeyarudisha mafuta haya katika kukanda mwili yakiwa yamepunguzwa ndani ya mafuta mengine. Sidai kwamba alijifunza Unguja. Nadai tu kwamba alifikia mahali ambapo masomo wa Pwani walikuwa wamekaa siku nyingi.

Kuhusu kuchagua, mfano bora uko Komoro. Langilangi, mti wenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, ulienezwa huko na makampuni ya Kifaransa kwa ajili ya viwanda vya manukato, na Nzwani ikawa mtoaji mkuu duniani. Mtengeneza manukato Ernest Beaux aliitia langilangi katika Chanel No. 5 mwaka 1921. Maua huchumwa alfajiri na kukenekwa kwa saa nyingi, hata ishirini, na mafuta hukingwa kwa mafungu: yanayotoka mwanzo ni laini na ghali, yanayotoka mwisho ni mazito na ya kutilia sabuni. Chupa mbili zilizoandikwa langilangi zinaweza basi kuwa vitu viwili. Vivyo hivyo mafuta ya karafuu yenyewe, ya makonyo, na ya majani si sawa kwa harufu wala bei, na mafuta ya mawaridi, yanayodai tani tatu au nne za maua kwa kilo moja, hayawezi kuwa halisi yakiuzwa kwa bei ya soda. Mnunuzi asiyeambiwa ni sehemu gani ya mmea na ni fungu gani amenunua harufu tu, jambo ambalo kwa kweli si dhambi ikiwa harufu ndiyo aliyoitaka.

Limebaki swali la afya, na hapa watetezi wa mila hujiharibia. Mwaka 2020, korona ilipoingia, viongozi wa Tanzania, Rais John Magufuli akiwa mmoja wao, walihimiza watu wajifukize, na nyungu za mkaratusi, mchaichai na kivumbasi zikapigwa kila mahali. Mvuke huo humpa nafuu ya muda mtu aliyezibwa pua. Ushahidi kwamba uliua virusi mwilini haupo, na moshi wa udi kifuani mwa mwenye pumu ni madhara matupu. Kukubali hivyo hakuangushi hoja yangu, kwa sababu Pwani manukato yalikuwa kwanza ya adabu, ya ndoa, ya ibada na ya kukaribisha mgeni, na tiba ilikuja kwa mlango wa pembeni. Hatari mpya ni nyingine. Jani la mkaratusi lina mafuta ya asilimia chache tu, tena yamefungwa ndani ya nyuzi na maji, na nyungu huyatoa kidogo kidogo. Mtu anayeacha majani na kumimina chupa ameongeza kipimo mara nyingi akidhani anaendeleza desturi ileile. Chupani hakuna jani wala maji, ni mafuta matupu, na kijiko kimoja cha chai kikinywewa na mtoto mdogo kinatosha kumpeleka hospitali.