Siku yangu ya kwanza Bandung: kiti chetu kilikuwa wapi?

Muliniomba niandike kuhusu safari yangu ya Indonesia, juu nilienda peke yangu na nikarudi muzima. Sitaeleza safari yote. Nitaeleza siku moja tu, ile ya kwanza mu Bandung, sababu ilinifundisha kitu cha historia yetu chenye sikukipata darasani.

Nilitoka Jakarta asubuhi na treni. Masaa karibu matatu, tukapanda milima katikati ya mashamba ya mpunga. Bandung iko juu, zaidi ya mita 700, na mtu wa Kivu akishuka pale anasikia hewa kama ya nyumbani. Lakini magari yanapita upande wa kushoto! Mi niliangalia upande wenye nilizoea, pikipiki ikatokea upande mwingine, kidogo tu inibebe. Kisha nikapanda angkot, vile vibasi vidogo vinavyofanana na taksi-bisi zetu. Ukitaka kushuka unasema «kiri», maana yake kushoto. Mi sikujua, nikakaa kimya nikingoja mtu aniambie, nikapelekwa mbali sana. Nikarudi kwa miguu, naulizauliza njia kwa mikono.

Ni vile nilivyofika kwenye barabara kubwa ya katikati ya mji. Nikasoma kibao: Jalan Asia Afrika. Barabara ya Asia na Afrika! Nikasimama. Mbali hivi na nyumbani, na jina letu liko kwenye ukuta.

Hapo karibu kuna alama ya kilometa sifuri ya mji. Barabara ile ni kipande cha njia kubwa ya Java, karibu kilometa 1.000, iliyopitishwa na Gavana Daendels wa Waholanzi kati ya 1808 na 1811. Waliochimba ni wanakijiji, kwa kazi ya lazima, na wengi walikufa humo. Milima ya pembeni nayo ilikuwa ya kahawa: tangu miaka ya 1700 wenyeji walilazimishwa kuilima na kuipeleka kwa Waholanzi. Mwaka 1830 Waholanzi wakapanua ile mipango Java karibu nzima: kila kijiji kitoe sehemu ya udongo wake kwa mazao ya Serikali, ama kitoe siku za kazi. Faida ikaenda Uholanzi.

Sasa musikie vizuri. Mwaka 1861 Mwingereza mmoja, J. W. B. Money, alitoa kitabu cha kusifu ile mipango ya Java, cha kuonyesha namna ya kuendesha koloni. Msomaji wake mmoja alikuwa kijana mtoto wa mfalme wa Ubelgiji. Jina lake Léopold. Alikipenda sana. Ile ya mpira, mikono na fimbo munaijua, sitairudilia. Ila mi nilikuwa nafikiri taabu yetu ilianzia kwetu. Kumbe mwenye kuileta alikuwa amesoma kwanza habari za milima kama ile nilikuwa naangalia.

Mita chache mbele ndiyo Gedung Merdeka, Nyumba ya Uhuru. Zamani iliitwa Concordia, klabu ya Wazungu ya kucheza dansi. Humo ndani, tarehe 18 Aprili 1955, Rais Sukarno alifungua mkutano wa nchi 29 za Asia na Afrika. Nehru alikuwa pale, Zhou Enlai, Nasser. Afrika ilikuwa na nchi sita: Misri, Ethiopia, Liberia, Libya, Sudan na Gold Coast. Sudan ilikuwa haijapata uhuru bado, hata bendera haikuwa nayo. Waliweka kitambaa cheupe chenye kuandikwa jina la nchi, basi.

Leo ni makumbusho. Nilikuta wanafunzi wa sekondari na yunifomu zao. Binti mmoja akaniuliza kwa Kiingereza cha polepole natoka wapi. Nikasema Kongo. Akageuka kuangalia zile bendera, akatafuta, akatafuta, kisha akaniuliza: «Nchi yako ilikaa wapi?»

Bandugu, nilikosa jibu. Ningemwambia nini? Mu 1955 babu yangu alikuwa analima pamba ya lazima mu bonde la Ruzizi, na mkubwa wa shamba akipita kuhesabu mistari. Hata mwezi mmoja haukuisha kisha ule mkutano, mfalme Baudouin akaja kutembelea Kongo, watu wakapangwa barabarani kumpigia makofi. Na mwisho wa mwaka, mwalimu mmoja Mbelgiji, Van Bilsen, akaandika kwamba tunaweza kupata uhuru kisha miaka 30. Wakubwa wengi kule Ubelgiji waliona hata ile ni haraka mno.

Nilimjibu yule binti: «Hatukuwa na kiti.» Akatikisa kichwa pole pole, kama mtu aliyefiwa na jirani.

Usiku, mvua ikinyesha, nikaendelea kufikiri. Wale wa Bandung waliandika kwamba ukoloni wa kila namna ni ubaya na uishe haraka. Hatukuwa ndani, lakini lile neno lilitugusa na sisi. Miaka mitano tu, si 30, tukapata uhuru. Na ule mwaka 1960, Indonesia ikatuma askari wake Kongo pamoja na ONU.

Njia ya kazi ya lazima ilitoka Java ikafika kwetu kupitia kitabu, sisi wenyewe hatukujua. Njia ya uhuru nayo ilipita pale pale. Lakini wanafunzi wa Bandung wanaletwa na walimu wao kuangalia kiti kwa kiti. Watoto wetu tunawapeleka wapi kuona pamba ya babu yao? Mi sijawahi kupelekwa. Nilipaswa kwenda mpaka Java, nipotee na angkot, ndiyo nianze kumuuliza baba habari za mzee wake.

Wazee wenu wangali hai? Muwaulize mapema.