Mtetezi wa Hiari Aliyepiga Kura

Jumapili ya tarehe 1 Februari 1741, waumini waliofika kusali katika jengo la Foundery, London, walipewa karatasi mlangoni. Jengo lenyewe lilikuwa karakana ya zamani ya kuyeyushia mizinga, ambayo John Wesley alikuwa ameigeuza nyumba ya ibada. Karatasi ile ilikuwa barua ya faragha ambayo George Whitefield alimwandikia Wesley, na sasa ilikuwa imechapishwa bila idhini ya mwandishi wala ya mwandikiwa. Marafiki hao wawili walikuwa wamefarakana juu ya swali moja: mtu anapookoka, nani amemchagua mwenzake, Mungu au mtu?

Wesley alihubiri hadi mwisho. Kisha akashika nakala moja, akawaeleza watu jinsi ilivyofika pale, akasema atafanya kile ambacho Whitefield mwenyewe angefanya kama angekuwapo. Akaichana mbele yao. Waliokuwa na nakala nao wakachana zao. Kwa maelezo ya Wesley katika shajara yake, dakika mbili zilitosha. Hapakubaki nakala nzima hata moja.

Karatasi zilichanika, swali likabaki zima. Nalo lilikuwa kongwe. Lilikuwa limezunguka makanisani kwa zaidi ya miaka 1,300, na mjadala wake mkubwa wa kwanza ulipamba moto Afrika. Augustine, askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba nchini Algeria, alibishana na Pelagius, mtu wa Britania aliyefundisha kwamba Mungu hawezi kumwamuru mtu jambo asiloliweza. Anayetaka kutii, alisema, atatii. Augustine akajibu kwamba utashi wa mwanadamu ni mgonjwa tangu Adamu, na kwamba hata kule kutaka kuponywa ni zawadi ya tabibu. Mwaka 418 maaskofu waliokutana Karthago waliyakataa mafundisho ya Pelagius. Kanisa likakubali kwamba neema hutangulia. Lakini iwapo neema hutangulia, kwa nini wengine huipokea na wengine hupita kando? Hapo palibaki wazi.

Luther na Erasmus waliligombania jambo hilohilo kwa vitabu mwaka 1524 na 1525. Uholanzi liligharimu maisha. Jacobus Arminius, profesa wa Leiden, alifundisha kwamba Mungu huwachagua wale aliotangulia kujua kuwa wataamini. Alifariki 1609, na mwaka uliofuata wafuasi wake wakaandika hoja tano. Sinodi iliyoketi mjini Dordrecht kuanzia Novemba 1618 hadi Mei 1619 ikazijibu kwa msimamo mkali: Mungu huchagua bila kuangalia chochote atakachokifanya mtu, na aliyemchagua hapotei. Wachungaji wapatao 200 waliokuwa upande wa Arminius walifukuzwa kazi. Johan van Oldenbarnevelt, mwanasiasa mkongwe aliyewakingia kifua, alikatwa kichwa kwa shtaka la uhaini. Siasa na theolojia zilikuwa zimefungwa kitanzi kimoja.

Ugomvi wa Wesley na Whitefield haukumwaga damu, na pengine ndiyo maana unafundisha zaidi. Walikutana Oxford miaka ya 1730, katika kikundi cha wanafunzi wacha Mungu ambacho wenzao walikidhihaki kwa jina la Klabu Takatifu. Wesley, aliyezaliwa 1703, alikuwa mtoto wa kasisi wa Epworth, na tayari alikuwa mwalimu chuoni. Whitefield, mdogo wake kwa miaka 11, alikulia katika nyumba ya wageni mjini Gloucester na alisoma kwa kuwatumikia wanafunzi wenye mali.

Februari 1739 Whitefield alifanya jambo ambalo makasisi wengi waliliona fedheha. Alitoka kanisani akaenda kuhubiri uwanjani, kwa wachimbaji wa makaa ya mawe wa Kingswood, karibu na Bristol. Siku ya kwanza walimsikiliza watu kama 200. Muda si muda wakawa maelfu. Alisimulia kwamba dalili ya neno kuwaingia ilikuwa michirizi myeupe ya machozi kwenye mashavu yaliyojaa vumbi la makaa. Alipotaka kwenda kwingine, akamwita Wesley aje ashike uwanja. Wesley alikuwa mtu wa taratibu, ambaye kwake kuokoa roho nje ya kanisa kulikaribia kuwa dhambi. Alisita, lakini tarehe 2 Aprili naye alisimama nje akahubiri.

Kabla mwezi haujaisha, katika eneo lilelile alilokabidhiwa na rafiki yake, Wesley akalishambulia fundisho ambalo rafiki yake alikuwa akizidi kulishika. Mahubiri yake yaliitwa Neema ya Bure. Hoja yake ilikuwa kali: ikiwa Mungu ameshapanga nani aokoke na nani aangamie, basi kuhubiri ni kazi bure, utakatifu hauna maana, na Mungu mwenyewe anaonekana mkatili kuliko shetani. Hakusema kwamba mtu anaweza kujiokoa. Alifundisha neema itanguliayo: Mungu humwamsha kila mtu kiasi cha kuweza kuitika, kisha humwachia aitike au akatae.

Whitefield alimsihi asiyachapishe mahubiri hayo. Basi Wesley alikuwa ameamuaje? Alipiga kura. Si kura ya sanduku tunayoijua leo; ni ile ya kibiblia, iliyompata Mathiya baada ya Yuda kuanguka. Kura ikamwambia ahubiri na achapishe. Mtu aliyejiandaa kuitetea hiari ya mwanadamu mbele ya Uingereza nzima alikuwa ameuondoa uamuzi mikononi mwake, akamwachia Mungu amchagulie.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwanzoni mwa 1738 meli iliyomrudisha Wesley kutoka koloni la Georgia ilifika pwani ya Deal wakati ile ya kumpeleka Whitefield hukohuko Georgia inang'oa nanga. Wesley alipiga kura, akamtumia ujumbe arudi London. Whitefield, ambaye ungetarajia akubali tu lililokwisha kupangwa, alisali, akaamua mwenyewe, akaenda zake Georgia.

Hapa ndipo hadithi yao inapomtatiza anayetaka kuwagawa kwa mstari ulionyooka. Whitefield aliamini kwamba wateule walichaguliwa kabla ya misingi ya dunia. Lakini alivuka bahari ya Atlantiki mara 13, katika enzi ambapo safari moja ilichukua wiki nyingi na roho mkononi, ili awasihi watu wasiojulikana waje kwa Kristo leo. Alipoulizwa maana ya jasho hilo, jibu lake lilikuwa jepesi: hatujui nani ni mteule, kwa hiyo tuwaite wote.

Barua yake rasmi ya kumjibu Wesley ina tarehe ya 24 Desemba 1740, kutoka Bethesda, nyumba ya yatima aliyoianzisha karibu na Savannah, Georgia. Alieleza kwamba bila uteule wokovu wa mtu unaning'inia kwenye utashi wake. Pia akaianika hadharani ile kura, na jambo hilo lilimuumiza Wesley kuliko hoja zote. Machi 1741, aliporudi London, Whitefield alimwambia rafiki yake ana kwa ana kwamba wanahubiri injili mbili tofauti. Wafuasi wake wakamjengea ukumbi wa mbao karibu na Foundery. Vuguvugu lao, la Wamethodisti, likapasuka, na huko Wales upande wa Whitefield ulikuja kuwa kanisa lenye nguvu.

Kuna hiari nyingine ambayo mjadala huu uliipita kimya kwa muda mrefu. Georgia ilianzishwa ikiwa imepiga marufuku utumwa, na Whitefield alikuwa miongoni mwa waliodai marufuku hiyo iondolewe. Iliondolewa 1751, na nyumba ya yatima ya Bethesda ikatumia watumwa Waafrika. Wesley alichapisha kijitabu cha kulaani utumwa mwaka 1774. Wakati wasomi wakiuliza kama mtu yuko huru mbele za Mungu, Mwafrika wa Bethesda hakuwa huru kuchagua hata pa kulala.

Wesley na Whitefield hawakupatana kimafundisho, ila walipatana kama ndugu. Waliandikiana tena, wakahubiri katika mimbari za kila mmoja. Charles Wesley, mdogo wake John, alitunga wimbo wa Krismasi wa malaika mwaka 1739. Whitefield akaubadilisha maneno ya mwanzo alipouweka katika kitabu chake mwaka 1753, na mabadiliko yake ndiyo yaliyodumu. Anayeuimba leo anaimba pande zote mbili za ugomvi kwa pumzi moja. Whitefield alipofariki Newburyport, Massachusetts, tarehe 30 Septemba 1770, mahubiri ya kumbukumbu yake jijini London yalitolewa na John Wesley, kama marehemu alivyotaka. Wesley alisifu imani yake, akaupita uteule bila kuutaja, na baadhi ya Wakalvini, yaani watetezi wa uteule, wakanung'unika kwamba amemzika nusu.

Vijana wao hawakuwa na subira hiyo. Augustus Toplady, kasisi mwenye kalamu ya upupu, alimchachafya Wesley kwa miaka mingi. Mwaka 1776, katika jarida alilolihariri, alipiga hesabu: mtu akitenda dhambi moja kila sekunde, afikapo miaka 80 atakuwa na deni la dhambi 2,522,880,000. Nani atalilipa kwa nguvu zake? Chini ya hesabu hiyo akaweka utenzi, na katika kichwa chake mna kijembe kwa Wesley, aliyefundisha kwamba mwamini anaweza kuufikia utakatifu kamili hapa duniani. Utenzi huo ndio ambao Wakristo wa Afrika Mashariki wanaujua kama Mwamba Wenye Imara. Kijembe kimesahaulika, wimbo unaimbwa makaburini na waombolezaji wa madhehebu ambayo Toplady asingekubali kuketi nayo meza moja.

Pande zote mbili zilifika kwetu. Mwaka 1862 Wamethodisti wa Kiingereza walianzisha misheni Ribe, bara ya Mombasa. Wapresbiteri wa Uskoti, warithi wa Calvin, wakaweka makao yao Kikuyu kabla karne ile haijaisha. Kufikia 1955, Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti walikuwa wakiwafunza wachungaji wao pamoja katika chuo cha Mtakatifu Paulo, Limuru. Mtoto wa Whitefield na mtoto wa Wesley wakawa wanagombania kitabu kimoja cha maktaba.

Labda Kiswahili kiliwatangulia wabishi wote hawa. Tunasema kuokoa, na hapo mwenye kutenda yupo. Tunasema kuokolewa, na hapo mtendwa anamdai mtendaji ajulikane. Augustine angesimama kidete kwenye neno hilo la pili. Pelagius angejaribu kujiokoa. Lakini uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ulipoenea katika miaka ya 1930 na baadaye kuvuka hadi Kenya na Tanganyika, neno lililoshika vinywani mwa waliotoa ushuhuda kwa Kiswahili halikuwa lolote kati ya hayo. Walisimama mbele ya ndugu, wakasema: nimeokoka. Ni kitenzi kinachotangaza kwamba jambo limetokea, kisha kinanyamaza kuhusu aliyelifanya.